Chupa ya Kuzuia Mvua

...na si hii, si hii kabisa, aliyoifukia mwezi uliopita nyuma ya zizi la farasi, chupa kichwa chini, kama wafanyavyo wote hapa Kentucky ili mvua isiharibu harusi, ile ilikuwa wiski yenye rai nyingi, nafaka iwashayo kama pilipili manga, pipa lake alilichagua mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yake Corinne, bibi harusi wa leo, na hii iliyomo kinywani sasa ni laini, ya ngano, ina utamu wa sukari iliyoungua, inateleza tu... Denzil Rucker akaizungusha tena ulimini, akaitafuna polepole kama aitafunavyo kazini, chupa waliyoifukua sasa hivi, kama ilivyo desturi siku ya harusi, mkononi bado ina udongo, "Meza basi, Denzil," shemeji yake Hoyt akasema, "leo hakuna anayekulipa mshahara wa kuonja," wageni wakacheka, na Wade, bwana harusi, akacheka kuliko wote, Wade aliyeapa mezani siku ya Pasaka kwamba pombe ameiacha, aliyeshika sepetu siku ya kufukia, watu watatu tu ndio waliopajua mahali hapa, yeye, Wade na Corinne, na asubuhi hii mikono yake ilitetemeka, Denzil akadhani ni wasiwasi wa harusi... amechoka, amechoka kuujua ukweli kwa ulimi kabla ya masikio, aseme sasa, amwaibishe kijana mbele ya mchungaji, mvua nayo inyeshe ikitaka... lakini Wade angejaza wiski yoyote ya dukani, na ngano hii anaijua, ndiyo Corinne anayotilia pai zake za kokwa za pekani, hukaa kabatini juu ya jiko lake, na ile nta nyekundu shingoni mwa chupa, aliiona alipoibandua akaipuuza, ilikuwa imebonyezwa kwa kidole gumba pande zote, vibonyo vidogo vikifuatana, vile vile abonyezavyo ukingo wa pai... basi anajua, binti yake anajua, alifukua akaikuta tupu, akaijaza, akaifunga, akaifukia upya, peke yake... "Ikoje, Baba?" Corinne akauliza, gauni jeupe amelikusanya kwa mkono mmoja lisiguse udongo, na macho yale, ameyaona wapi macho yale... jikoni, utotoni, mama yake mwenyewe, Opal, akimimina chai baridi katika chupa ya mumewe ili wageni wa Jumapili wasijue imepungua, naye Denzil, mtoto, akaonja kwa siri, akatambua, akainua uso, mama akamtazama hivi hivi, naye akameza, hapo ndipo ulimi wake ulipoanza kazi, watu husema ni kipaji, akaendelea kuimeza siri ya chai ile mpaka baba alipozikwa, na mama alikuwa amezikwa kabla yake... kazini hutema, kutwa hutema, ni nyumbani alikomeza kila kitu... "Baba, nimekuuliza, ikoje," sauti imeshuka sasa, wala haulizi habari za wiski, anaomba, labda anaomba baba yake anyamaze, labda, Mungu amsaidie, naye pia amechoka, anaomba asinyamaze... mbingu haina hata wingu, Wade amenyoosha bilauri yake, mchungaji anatazama saa, Hoyt ameanza mzaha mwingine, ulimi wa Denzil unawaka kwa utamu, na jicho lake limekwisha kuchagua mahali pa kutemea, pale kando ya shimo, kwenye udongo mbichi, na bado hajameza.