Jengo la Nyuma

Alama ya X ilipakwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele, pembeni mwa dirisha la chumba cha mama. Niliiona asubuhi ile. Mimi niliomba kibali cha kubomoa jengo la nyuma, lile jiko lenye nyufa, ili tujenge jingine. Sasa nyumba inatiwa alama ya nini?

Waliopaka walishaondoka. Waliacha karatasi mlangoni: siku thelathini za kibali cha kubomoa zimepita, mwenye kibali hajabomoa, tingatinga la manispaa litabomoa leo saa sita. Kweli sikubomoa. Nilikuwa nangoja kibali cha kujenga, maana nani anavunja jiko kabla hajajua atapikia wapi?

Mama tangu aanguke hashuki kitandani bila kubebwa. Sikumwambia kitu, nilimuaga tu kwamba nafika ofisini mara moja. Akaniasa nisiende kugombana na watu. Ananijua mwanawe.

Mimi na karani wa vibali tulishakwaruzana. Siku ya kujaza fomu alitaka kunijazia, nikamwambia nimesoma, sihitaji kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Foleni nzima ilicheka. Leo nikaipita foleni hiyohiyo na kummwagia maneno yote niliyokuwa nayo: hajui kazi, anakula mshahara wa bure, kalamu yake inataka kumuua mama yangu. Mimi nikiogopa, ukali ndio unaotangulia.

Alivuta faili, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

*Jengo la kubomolewa: la nyumba.*

Herufi moja tu, B, imejipenyeza katikati ya neno nyuma. Tena B yenye tumbo kubwa, ile niliyosifiwa shuleni.

"Huu mwandiko wa nani, dada?" aliuliza taratibu.

Nilimwomba radhi, nikamwita mama, nikamwita bosi, nikamwita kila jina la heshima lililonijia. Naye, Mungu ambariki, alimpigia mhandisi wa manispaa simu mara tatu mbele yangu. Haikupokelewa. Muhuri wa kusitisha anao mhandisi, na mhandisi ameshatoka na tingatinga.

"Wahi nyumbani," alisema. "Mtoe mama kwanza."

Nilikimbia viatu mkononi. Ngurumo niliisikia tangu kona ya shule, nikajua limenitangulia. Nilipofika lilikuwa limesimama langoni, dereva akitazama saa yake, mhandisi kashukia njiani kwenye kazi nyingine. Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza habari ya B. Akasema yeye anafuata alama ya ukutani, mengine ni ya ofisi. Alinipa dakika kumi.

Jirani yangu fundi cherehani alishika miguu, mimi nikashika mabega, tukamtoa mama na godoro lake hadi ng'ambo ya barabara. Akauliza nani katufanyia hivi.

"Karani, mama," nikasema. "Kakosea kuandika."

Mama aliinua mikono yake miwili, kwa shida.

"Mkono ulioandika," alisema, "usipate heri mpaka unaingia kaburini."

Jirani akaitikia amina. Kisha wote wawili wakanitazama, wakiningoja.

"Amina," nikasema.