Kusogeza kwa Adabu

Mimi na mume wangu tunaonana zaidi kazini kuliko nyumbani, na hata kazini tunaonana mlangoni. Yeye ana zamu ya usiku, mimi ya mchana. Chumba ni kimoja, meza moja, na kiti kimoja ambacho kila asubuhi nakikuta kimeshushwa, maana ana miguu mifupi na hataki kukubali. Watoto wetu husema wazazi wao wanapokezana kama walinzi wa benki. Kazi yetu ni kuitazama bahari kutoka juu. Setilaiti inaleta picha, sisi tunasoma mawingu, na dhoruba ikizaliwa tunaweka nukta kwenye ramani kuonyesha kitovu chake kiko wapi na kinaelekea wapi. Halafu tunatoa taarifa kwa meli na kwa watu wa pwani.

Ofisini wanamwita Jicho. Wengine wanaweza kukesha wakibishana kitovu kiko hapa au pale, yeye akitupa macho mara moja anakuonyesha. Sifa hiyo ilimpa kichwa kidogo, nasema mimi niliyemwoa. Ndiyo, niliyemwoa, kwa sababu angeachiwa mwenyewe aseme angekuwa bado anazunguka na salamu mpaka leo.

Asubuhi ninayoisimulia nilifika nikiwa na hamu ya kujua jambo moja tu. Kulikuwa na dhoruba baharini, inakua, na mbele yake kulikuwa na kisiwa kidogo chenye mlima katikati. Taarifa za usiku zilisema itapita kaskazini ya kisiwa. Kwa hiyo meli moja ya saruji ilikuwa imeingia kwenye ghuba ya upande wa kusini na kutia nanga, ili mlima uikinge. Fundi wa injini wa meli hiyo ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Tunamwita Spana. Huyo nimembeba mgongoni mpaka nikawa natembea nimeinama hata nikiwa sina mtoto mgongoni, na mpaka leo akikohoa kwenye simu mimi ndiye ninayeumwa kifua.

Nilimkuta mume wangu anafunga kifungo cha shati, tayari kwenda kulala. Akaniambia usiku ulikuwa mzuri, dhoruba inakwenda kama ilivyopangiwa, na shemeji yake yuko salama kwenye maji yaliyotulia. Nikamwuliza uhakika wake ni wa kiasi gani. Kwenye kila taarifa kuna mstari wa kuandika uhakika: mkubwa, wa kati, mdogo. Alikuwa ameandika mkubwa. Bosi wetu, tunayemwita Mkuu, hapendi kuona neno mdogo, anasema linawatia watu wasiwasi na kuitia ofisi aibu. Basi siku hizi kila mtu ana uhakika mkubwa, hata wa mvua ya kesho kutwa.

Sasa lazima nieleze kitu, nacho si kigumu. Picha ya usiku si picha ya macho. Gizani setilaiti haioni, inapima joto tu. Wingu refu lina kilele cha baridi, linatokea jeupe pe. Wingu la chini lina joto linalokaribiana na la bahari, kwa hiyo halitokei kabisa. Mtu wa zamu ya usiku anaona donge jeupe, anasema kitovu kimo chini ya donge. Mara nyingi ni kweli. Lakini upepo wa juu ukiwa mkali, unalisukuma lile donge upande mmoja, na kitovu chenyewe kinabaki nyuma, kitupu, kinazunguka chini kwa mawingu madogo ambayo usiku hayaonekani. Ipo setilaiti nyingine inayoweza kuona ndani ya wingu, ila inapita kwa zamu zake, na usiku ule ilipita pembeni. Kosa hili hawezi kulifanya muuza duka wala daktari. Ni letu sisi, na tunafundishwa kuliogopa tangu siku ya kwanza darasani.

Jua lilipoifikia bahari ile, picha ya kwanza ya mwanga ikafunguka kwenye skrini. Nilikuwa hata mkoba sijautua. Donge jeupe lilikuwepo kaskazini, palepale alipolisema. Ila chini yake hapakuwa na kitu. Kusini kabisa, mbali na nukta yake, mawingu madogo yalikuwa yanajizungusha taratibu kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Hicho ndicho kilikuwa kitovu. Na ukivuta mstari kutoka hapo, dhoruba haikuwa inapita kaskazini ya kisiwa. Ilikuwa inapita kusini, na upepo wake wote ungeingia kwenye ile ghuba kama mgeni aliyefunguliwa mlango.

Nilimkata jicho mume wangu. Hakuniangalia. Alikuwa anaitazama picha, na uso wake ulikuwa umeingia rangi ya majivu. Akavuta kiti kingine, akakaa, akairudisha picha nyuma, akaileta tena mbele. Mimi nilianza kusema na sikujizuia. Nilimwambia mtu asiyeona aseme haoni, kwamba angeandika uhakika mdogo hakuna ambaye angemla, kwamba Jicho wa jina tu anatuulia watu. Maneno hayo yaliniuma mwenyewe wakati yanatoka, lakini yalitoka. Damu ilikuwa imenichemka na mdogo wangu alikuwa kwenye ile ghuba.

Mkuu akaingia akiwa na kikombe chake mkononi. Akaangalia skrini, akaelewa mara moja, maana yeye naye ametokea kwenye kiti hikihiki. Kisha akasema tutakisogeza kitovu kwa adabu.

Hilo ni neno lake. Maana yake ni kwamba nukta ikiwa imekosewa sana, hatuihamishi yote kwa mkupuo. Tunaihamisha nusu kwenye taarifa hii, na nusu iliyobaki kwenye taarifa ya mchana, ili anayesoma aone dhoruba imegeuka yenyewe, asione ofisi imeruka kama panzi. Sitaki kumsingizia mtu: utaratibu huo una sababu yake. Kuna siku picha moja imetudanganya, tukairusha nukta, meli zikahama, taarifa iliyofuata tukairudisha, na manahodha wakatutukana kwenye redio kwa lugha zote wanazozijua. Tangu hapo ofisi yetu hairuki. Na mwezi huo mume wangu alikuwa ametajwa kuwa msimamizi wa zamu zote za usiku. Mkuu hakulitaja hilo, lakini alimtazama kwa huruma, na nilijua anamtafutia njia.

Nikamwambia Mkuu, kwa heshima niliyokuwa nimebakiwa nayo, aweke nukta yake ya nusu aone. Nikaiweka mwenyewe kwenye ramani. Nukta ya nusu bado inaipitisha dhoruba kaskazini ya kisiwa, karibu zaidi tu. Nahodha akiisoma, atafanya nini? Ataongeza mnyororo wa nanga na kubaki alipo, kwa kuwa tumemwambia mlima bado unamkinga. Mpaka taarifa ya mchana ije na nusu ya pili, bahari itakuwa imeshaziba mlango wa ghuba. Nusu ya ukweli ingewafungia ndani.

Mkuu akasema picha ni moja, tusubiri ya pili na ya tatu tuone kama kile kizunguko kinadumu. Akasema meli ina injini, na tukiwaambia baada ya picha mbili tatu, bado wana nafasi ya kutoka. Kama huyo fundi wa meli angekuwa mtu baki tungeliangalia jambo hili kwa utulivu, akaniambia, na mimi nikahisi kichwa kinawaka, kwa sababu alikuwa na haki kidogo. Nilikuwa nafungua mdomo nimpe vidonge vyake nifukuzwe kazi nipumzike.

Ndipo mume wangu akasema, "Ameifungua injini."

Alitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. Spana alikuwa amemtumia picha jana jioni, kwa mtandao wa meli: injini imefumuliwa, pampu ya mafuta iko chini kwenye gunia, bolti zimepangwa kwenye sinia. Ilikuwa inavuja muda mrefu, na bandarini hawapewi nafasi ya kuitengeneza. Chini ya picha aliandika kwamba amesoma taarifa, ameona shemeji ameandika uhakika mkubwa, basi na yeye ametumia mapumziko haya kufanya kazi yake. Akamalizia kwa kumtania kwamba siku shemeji akikosea, amwandalie godoro la kulalia nyumbani kwetu.

Mkuu akakiweka kikombe. Akasema basi ngoja apige simu kwa wakubwa, apate ruhusa ya kuruka, haitachukua muda. Akatoka kwenda ofisini kwake. Mimi nilikivuta kibodi. Mume wangu akauzuia mkono wangu.

"Zamu bado yangu," akasema. "Sijasaini kukukabidhi."

Akaishika nukta akaipeleka yote, mpaka katikati ya kile kizunguko. Kwenye mstari wa uhakika akaandika wa kati. Na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo kwa kawaida tunaandika maneno yanayoteleza, akaandika kwamba kitovu kilichotolewa usiku kilikosewa na mtoa taarifa, na kwamba chombo chochote kilichojificha kusini ya kisiwa kiondoke sasa, na kisichoweza kuondoka kishushe watu nchi kavu. Chini akaweka jina lake lote kamili, wakati huwa tunaweka namba tu. Halafu akaituma. Nilimtazama nikiwa na hasira naye bado, na nikiwa nampenda kuliko siku tuliyofunga ndoa.

Mkuu aliporudi alikuta imekwenda. Hakupiga kelele. Alisema, "Umejimaliza," akaenda kuwajulisha wakubwa wake. Na kweli, ule usimamizi ulipewa mtu mwingine, na mume wangu akapelekwa kitengo cha vipimo vya mvua, ambako ndiko aliko hadi leo. Lakini hayo ni ya baadaye.

Nikapiga simu kituo cha redio cha bandarini kuhakikisha meli imeipata taarifa. Mtu wa redio akasema nahodha ameipata, na kwamba maneno aliyojibu hawezi kuyarudia mbele ya mama wa watu. Nahodha alikuwa ameamuru injini ifungwe tena haraka na boti ya kuokolea watu iwekwe tayari. Baada ya hapo tukawa hatuna la kufanya. Picha ziliendelea kuja. Kile kizunguko kilidumu, kikakaza mwendo, donge jeupe likarudi kukifunika, na dhoruba ikawa kubwa mbele ya macho yetu. Mume wangu hakwenda kulala. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akihesabu bolti kwenye ile picha ya simu, kana kwamba akizihesabu vizuri zingejifunga. Alasiri kisiwa kilipotea chini ya wingu, na kituo cha redio kikasema meli haijibu tena.

Sitaeleza ile jioni wala usiku wake. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kupika, kuosha vyombo na kuwafokea watoto bila kuwepo hapo. Mama yetu alipiga simu kuuliza kama mtoto wake yuko salama. Nikamwambia mtandao una shida, nikajifungia bafuni nikalia na bomba nimelifungua.

Asubuhi, namba nisiyoijua ikaita kwenye simu yangu. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, imekauka, anakohoa. Nikakaa sakafuni. Alikuwa anatumia simu ya mganga wa zahanati ya kisiwani. Aliniambia kwa ufupi. Walifunga injini mpaka bahari ilipoanza kuingia ghubani, na zilikuwa zimebaki bolti chache tu. Nahodha akasema basi, kila mtu kwenye boti. Mdogo wangu hakutaka kuiacha injini, wakamvuta kwa ukosi wa ovaroli. Walipanda mlimani, wakajibana kwenye zahanati, na kutoka dirishani wakaiona meli yao ikipigwa kwenye miamba mpaka ikakatika. Meli haipo tena. Watu wote wapo.

Nilianza kumwambia nilivyoteseka, akanikatiza.

"Dada, nipe shemeji."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitikisa kichwa, akarudi nyuma hatua moja. Hajawahi kumwogopa mtu, lakini simu ile aliiogopa. Nikamfuata nikamwekea sikioni mwenyewe, nikabonyeza kipaza sauti, maana mimi sina ustaarabu wa kutosikiliza.

Upepo ulisikika upande wa pili.

"Shemeji," akasema Spana, "injini niliifungua kwa sababu yako. Na boti niliipanda kwa sababu yako. Sijui nikutukane au nikushukuru."

Mume wangu akaishika simu mwenyewe.

"Anza na kunitukana," akasema.

Mdogo wangu akaanza. Alimtukana kwa ajili ya meli, kwa ajili ya injini aliyoilea miaka yote, kwa ajili ya spana zake na nguo zake na picha ya mama iliyokuwa ukutani juu ya kitanda chake. Alitukana huku analia, na mume wangu alisimama wima na simu sikioni, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, anajibu ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Hakuikata. Ilikatika yenyewe chaji ilipokwisha kule zahanati, kabla hawajafika kwenye shukrani.