Meza Iliyoegemea Kushoto

Fundi wa kuchomelea waliyemwita Magoti alikuwa amepiga magoti sakafuni, kama kawaida yake, juu ya kipande cha zulia kilichotobolewa na cheche mpaka kikafanana na chujio la chai. Alikuwa anaunga fremu ya dirisha. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya mabati, na sakafu yake haikuwa sawa hata kidogo. Kila fremu iliyotengenezwa hapo ilitoka na kona moja imenyanyuka, na mwenye dirisha akija kulichukua husema, "Fundi, mbona hili linanipungia mkono?" Naye Magoti hulirudisha chini, akalikanyaga, akaligonga, akalichomelea upya. Jioni mama yake humsaidia kusimama kwa kumshika kwapani, mama mwenyewe mtu mzima, na mwanawe ana mvi.

"Utaacha lini kutambaa?" mama aliuliza.

"Nikipata meza, mama."

Sasa, meza ya kuchomelea si meza ya kulia chakula. Inataka uso mnene wa chuma usiopinda ukipigwa moto, bapa kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Miguu haikumtisha Magoti. Alikuwa na mabomba ya maji ya zamani, na vyuma vya pembe vya kitanda kilichokufa, vya kukazia miguu isichezecheze. Shida ilikuwa bamba la juu. Dukani aliuliza bei ya bamba jipya, akashukuru, akatoka akijipapasa mifuko kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Toka siku hiyo akawa anapitia kwa muuza skrepa kila alipopata mwanya.

"Kuna hili hapa," muuza skrepa alimwambia asubuhi moja, akipiga teke bamba lililoegemezwa ukutani. "Nakupa kwa bei ya kuliondoa tu. Halipoi."

"Halipoi vipi?"

"Halipoi. Limekaa hapa msimu mzima wa baridi, paka wote wa mtaa wanalala juu yake. Wateja hawalipendi."

Magoti akaweka kiganja. Lilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuamka. Akapima unene kwa kidole gumba, akafumba jicho moja, akachungulia ubapa wake kutoka pembeni. Bamba lilikuwa zuri. Upande wa chini lilikuwa na chapa ya kiwanda cha kuyeyusha chuma cha ng'ambo ya mto, kile alichokuwa akifanya kazi mdogo wake.

"Mimi paka sina," Magoti akasema, na bamba likapakiwa mkokotenini.

Huyo mdogo wake alikuwa ameondoka nyumbani kwenda zamu ya mchana, na hakurudi. Kiwanda kilisema alitoka kabla ya zamu kwisha, na kwamba kulikuwa na mwanamke akimngoja getini. Tangu hapo mkewe akawa si mke wala si mjane. Akabaki kwa mama mkwe, akilala chumba kimoja naye, akipika, akifua, na mama mkwe akiwaambia majirani juu ya ukuta kwamba mwanamke anayejua kukaa na mume hakimbiwi.

Meza ikasimamishwa kwa siku moja tu. Magoti alikata mabomba kwa urefu mmoja, akayachomelea, akaweka pima maji juu ya bamba, kile kiputo kikatulia katikati. Akalala akiwa na furaha yake ndogo. Asubuhi meza ilikuwa imeegemea kushoto. Akaweka kipande cha chuma chini ya mguu wa kushoto, kiputo kikarudi katikati. Kesho yake ikaegemea tena. Akakata miguu ya kulia, akasawazisha, akaapa. Ikaegemea. Meza ikazidi kuwa fupi, na mgongo wa Magoti ukaanza kunusa sakafu kwa mbali.

Shemeji yake alileta chai akamkuta ameshika msumeno.

"Shem, usijisumbue," akasema. "Huyo ndivyo anavyosimama."

Magoti akaitazama meza. Ni kweli, mdogo wake alivunjika mguu wa kulia utotoni, na tangu hapo uzito wote alikuwa akiuweka kushoto, hata akiwa kwenye foleni. Shemeji akaweka sinia chini, akaweka mkono juu ya bamba, akausogeza polepole mpaka karibu na kona ya nyuma. Akasema mgongo wa mumewe bado ni mgumu palepale.

Mama akaitwa. Naye akagusa, akavuta kigoda, akakaa. Chai ikapoa.

"Nilikusema vibaya, mwanangu," akamwambia mkwewe.

"Ulinisema, mama. Na majirani walisikia."

"Nitawaambia."

"Waambie kwa sauti ileile."

Mama akaenda ukutani akawaambia kwa sauti ileile. Majirani wakaja kushika, wakatikisa kichwa, mmoja akasema kumbe ndiyo maana harufu ya sigara zake ilikuwa inasikika. Wakarudi kwao kuendelea kupika.

Magoti hakujua afanye nini. "Sasa nitachomeleaje juu ya ndugu yangu?"

"Alikuwa mtu wa kazi," shemeji akasema. "Ukimwacha bure ataugua."

Basi akafunga waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye mashine, kwenye ukingo wa meza, akawasha mashine, akagusa chuma kwa rodi. Meza ikakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayemkuta mwenzake amechelewa kuanza. Kisha ikatulia. Fremu ikatoka sawa kona zote, kwa sababu kuegemea si kupinda. Bamba likiwa bapa, hata likilala upande mmoja kazi hulala nalo. Magoti alijilaumu kwa ule urefu wa miguu alioukata bure.

Lakini shemeji hakutaka fremu. Alitaka kiwanda kiseme neno moja tu: kwamba mumewe alifia kazini. Aondoe kidoleni pete ya mtu aliyekimbiwa, akae matanga yake, aitwe mjane kama wajane wengine. Akavaa viatu vyake vya ngozi, akaenda ng'ambo ya mto, akarudi na msimamizi wa zamu. Msimamizi alikuja na kofia yake ngumu kichwani. Hakuivua mpaka alipoweka kiganja juu ya meza.

"Ndiye," akasema. "Nilikuwepo. Aliteleza pale juu ya tanuri, akaingia kwenye chuma kinachochemka. Ule ukingo hauna chuma cha kushikilia, kila siku tunasema."

"Basi kaseme na hili."

"Nitasema, dada yangu. Nilishasema siku ileile, nitasema tena."

Akaomba maji, akanywa, akaipigapiga meza begani, yaani kwenye kona, akaondoka. Shemeji alifua nguo zake nyeusi akazianika. Zilikauka, zikakunjwa, zikasubiri juu ya sanduku.

Msimamizi aliporudi alikataa kuketi.

"Wakubwa wa kiwanda wamefurahi sana kwamba amepatikana," akasema.

"Halafu?" shemeji akauliza.

"Waliniuliza amepatikana wapi. Nikasema nyumbani kwao. Wakasema basi, ni kweli aliondoka kiwandani."

"Aliondoka akiwa bamba!" mama akasema kutoka kigodani.

"Hilo nililieleza, mama. Wakasema kila bamba hutoka getini kihalali."

"Na yule mwanamke wa getini?"

"Wanakubali huenda hakuwepo. Ila wameshamtaja, sasa hawajui wamtoe vipi."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na jasho jembamba lilikuwa limetoka juu ya bamba, akalifuta kwa ncha ya mtandio wake. Msimamizi akakohoa, akazungusha kofia mikononi.

"Kuna kazi pia, fundi. Ngazi za ofisini zinateleza mvua ikinyesha. Mgeni mmoja aliketi kwenye tope na suruali yake nyeupe. Wanataka vyuma vya kushikilia, pande zote mbili."

"Na kule juu ya tanuri?"

"Kule hawakutaja."

Magoti akamtazama shemeji yake. Hakutaka kuipokea kazi ile, wala hakuwa na kazi nyingine. Rodi zilikuwa zimebaki za kuhesabika, na unga wa nyumbani ulishafikia mahali pa kukung'uta mfuko.

"Pokea, shem," shemeji akasema. "Tumechoka, lakini kula tunakula."

Mabomba yakaletwa, mapya, marefu, mazuri, yakilazwa juu ya meza yanatokeza mbele mpaka karibu na kamba ya kuanikia. Yalihitaji mtu wa kushika upande wa pili, na mama nguvu hana. Shemeji akafunga mtandio kiunoni, akashika.

"Nifumbe macho?"

"Fumba."

Akafumba. Magoti akateremsha kioo cha uso, akaanza na chuma cha ngazi ya kwanza, na ngazi za ofisini zilikuwa nyingi.