Filamu Inayounguza Wali

Mume wangu ni fundi wa friji, na akitoka kazini ni mhakiki wa filamu. Hakuna aliyemteua. Kajiteua mwenyewe, kama wale wanaojiteua kupanga foleni za watu. Uhakiki wake anauweka kwenye simu, video fupi fupi, na siku hizi anafuatwa na watu hata asiowajua. Hebu niwaambieni anavyohakiki, halafu mniambie kama mwenzenu nimeolewa au nimepatikana.

Hapimi uigizaji. Hapimi picha wala muziki. Anapima sufuria. Filamu ikianza, mimi nabandika wali jikoni, moto mdogo, kisha nakuja kukaa sebuleni kuangalia. Hakuna saa, hakuna kukumbushana. Nikikumbuka wali wangu nikaenda kuuepua kwa wakati, filamu mbovu. Nikisahau, filamu nzuri, na uzuri wake unasomwa kwenye ukoko: wa manjano, inatazamika; wa kahawia, nzuri; mweusi, usiikose. Juu ya mweusi kuna daraja la "jirani kagonga", ambalo limetokea mara moja tu katika ndoa yetu, jirani alipoingia na ndoo ya maji na mimi bado nalia kwa ajili ya farasi aliyekufa kwenye filamu.

"Filamu ikikushika sawasawa," anasema mume wangu, "hata pua inaziba."

"Basi pika wewe, mimi nihakiki."

"Mhakiki hatakiwi kuathirika, mke wangu."

Muone! Na tunaoathirika tumboni je? Watoto wetu wakisali kabla ya kula wanaomba filamu mbovu.

Watengenezaji wa filamu za kutisha wanalalamika kwamba wanaonewa, na kusema kweli wanaonewa. Kikitokea cha kutisha mimi nakimbilia jikoni, na nikishafika jikoni nitafanya nini kama si kufunua sufuria? Ile filamu ya maiti wanaorudi ofisini kudai kazi zao ilitoa wali mweupe, punje moja moja, wali wa kukaribishia wageni. Mume wangu akaipa sifuri. Mwongozaji akapiga simu amefura: tatizo si filamu, tatizo ni mkeo mwoga! Mume wangu akamjibu kwa upole kwamba sufuria haina upendeleo. Mwenye ukumbi wa sinema naye akatuletea sufuria mpya, nyembamba chini kama karatasi, eti zawadi. Ikarudishwa siku hiyo hiyo. Niliilia ile sufuria.

Haya yote niliyavumilia. Mimi nauza dawa famasi, kutwa nimesimama nawaeleza watu kwamba vidonge vya kumeza havipakwi. Nikirudi nyumbani sina nguvu za kugombana. Yaliyonishinda yaliletwa na mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kiume ndiye kitinda mimba kwetu. Mama alipofariki, mgongo uliombeba ni huu wangu. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi, misumari, saruji, mabomba, na siku zote alijua nani atasimama nyuma ya kaunta yeye akichoka. Kijana akatoka nyuma ya kaunta akaenda kutengeneza filamu. Kamera ya kuazima, mwigizaji mmoja, tena mwigizaji mwenyewe ni yule mama dobi wa mtaani kwao. Baba akanuna weee, mpaka wateja wakawa wanamuuliza kuna msiba gani. Mwishowe akamwita dukani, mimi nikiwepo, akasema huku anapima mnyororo wa mteja:

"Mimi sinema sizijui. Sufuria naijua. Shemeji yako akisema imeunguza, endelea na mambo yako, sitatia neno. Wali ukitoka mweupe, Jumatatu uko hapa unapima misumari, na habari ya kamera sitaki kuisikia tena mpaka nazikwa."

Mdogo wangu akakubali. Akakubali! Nilitamani kumzaba kibao. Akanigeukia, macho yamemjaa matumaini, akasema, "Si wewe ndiye unayepika, dada?"

Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilijaribu njia za mkato. Nikamwambia mume wangu safari hii maji tupunguze kidogo. Akasema kipimo ni kile kile. Basi moto tuuongeze kidogo. Akaenda kwenye boksi lake la kazi, akaja na ule utepe wa kufungia nyaya, akakifunga kitufe cha jiko kisizunguke.

"Hata kwa shemeji yako?"

"Hasa kwa shemeji yangu. Nikimpendelea watu watasema nini?"

"Na mimi nikirudi kwetu watasema nini?"

Akafikiri kabisa, huyo mwanamume. "Watasema nimepoteza mpishi."

Sikumsemesha mpaka Jumapili.

Jumapili mchana wakaja. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa shangazi yao wakale vizuri. Baba akachagua kiti cha karibu na mlango wa jiko, akakaa na kofia kichwani, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Mdogo wangu akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, magoti yamegusa kidevu. Nikabandika wali, nikarudi. Mume wangu akafunga mapazia, akakohoa kihakimu, akasema, "Tunaanza."

Jamani. Jamani, jamani. Ni damu yangu, lakini acha niseme kweli.

Filamu ni mwanamke anapanda ngazi za ghorofa na mfuko wa viazi. Anapanda. Tunaona miguu. Tunaona ukuta. Anapumzika. Anapanda. Anafika juu kabisa, mbele ya mlango wake, anapekua mfukoni, ufunguo hakuna. Anashuka kuutafuta. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo inaanza. Wapi! Alipofika chini akakumbuka viazi kaviacha juu. Akapanda.

Nikamsikia baba anaguna. Akaguna tena. Kisha akanyamaza kabisa, na baba akinyamaza ndiyo ujue mambo yameharibika. Nikajua huyo keshampangia mtoto zamu ya Jumatatu. Mume wangu filamu haangalii hata kidogo, ananiangalia mimi, kama daktari aliyechoma sindano anasubiri ifanye kazi.

Na wali nilikuwa naukumbuka. Punje kwa punje naukumbuka! Nikajiambia, usiinuke we mwanamke, jifanye umesahau, nani atajua? Lakini mume wangu angejua. Nikidanganya masikio yananicheza, na yeye ndiyo anayoyatazama. Nikaona potelea mbali, nimwangalie mdogo wangu kidogo, halafu nikaepue wali wa watu.

Nikamwangalia. Mle kwenye filamu yule mama haongei, anahema tu, na mdogo wangu alikuwa anahema naye. Yeye akipanda, mabega ya mdogo wangu yanapanda. Akipekua mfuko, vidole vya mdogo wangu vinapekua zulia langu. Huyu ni mtoto ambaye dukani anasinzia amesimama, ukimwomba bawaba anakupa bomba. Siku hiyo alikuwa macho, macho hasa, sijapata kumwona vile tangu azaliwe. Nikafurahi na roho ikaniuma kwa wakati mmoja, nikaendelea kumwangalia tu.

Mara majina yakaanza kupita, jina lake kila mstari isipokuwa ule wa mama dobi. Mume wangu akafungua pazia, na chumba chote kilikuwa moshi. Akaenda jikoni, akarudi ameshika sufuria kwa kitambaa, akaipindua mbele yetu. Hakikuanguka kitu. Nyeusi tii.

Mdogo wangu akaruka juu. "Imeunguza! Dada, imeunguza!"

"Subiri, shemeji," mume wangu akasema. Kuna swali la lazima, bila jibu lake uhakiki haukamiliki. Akanielekezea simu usoni. "Mpishi, ni sehemu gani ya filamu iliyokusahaulisha?"

Ningeweza kutaja yoyote, zote ni ngazi. Lakini mdogo wangu alikuwa ananitazama, anataka kujua ni wapi hasa, maana pale ndipo alipofanikiwa. Nikashindwa kumdanganya.

"Filamu sikuwa naiangalia," nikasema. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Mume wangu akashusha simu, na uso ukamshuka pia. Hana roho mbaya, jamani, ana kanuni tu. "Basi haihesabiki," akasema. "Samahani sana, shemeji."

Mdogo wangu akakaa tena sakafuni. Hakulia, na afadhali angelia. Hapo nikawaka. Nikasema kanuni gani hizo za kipuuzi, fundi friji mzima unahukumu watu kwa vyungu, leo hiyo sufuria nakuvisha kichwani uende nayo kazini, na utepe wako...

"Nyamazeni," baba akasema.

Alikuwa bado anaitazama televisheni, na ilishazimwa.

"Harufu niliisikia mimi. Nimekaa hapa mlangoni, moshi wote umenipitia puani. Niliisikia tangu yule mama anakaa kwenye ngazi kuvua kiatu."

"Sasa mzee, mbona hukusema?" mume wangu akauliza.

"Niseme nini? Niinuke nianze kuwapigia kelele, halafu nikose?"

"Ukose nini, baba?" mdogo wangu akamuuliza.

Baba akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Nilimwona ameona haya, mtu ambaye msumari ukipinda anaunyoosha ili usipotee.

"Nilitaka nijue kama huo ufunguo ataupata."

Mume wangu akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwamba kanuni inamtaja mpishi, haimtaji baba mkwe. Nikamkata jicho. Akaufunga mdomo, akainua simu, akaielekeza kwenye sufuria, akasema taratibu, "Imeunguza."

Baba wala hakumsikia. Alikuwa ameinama kwenye kiti chake mpaka kichwa kikakaribia cha mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli.

"Sasa yule mama," akamuuliza, "siku ile alilala wapi?"