Askari Watatu wa Mzee Viktor

Mahmoud, mwenye duka pale Mlabani, aliniita nicheze gemu lake jipya la vita kwenye tivii. "Shikamoo, mzee Viktor. Wewe ulipigana Kagera, hebu tuonyeshe!"

Gemu lilinipa askari watatu. Mmoja akifa, anaingia mwingine. Watatu! Mwaka 1979 nilikabidhiwa vijana watatu wa kijiji cha Namawala, nikarudi peke yangu.

Nikamficha askari wangu nyuma ya ukuta.

"Mbele! Piga!" duka zima likafoka.

"Nyamazeni! Vitani tulishinda siku nzima tumejificha, njaa inatuuma. Mbele nendeni nyie!"

"Muda unakwisha, mzee. Utashindwa," akasema Mahmoud.

Nikachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, nikashusha pumzi.

Safari hii nimerudi nao wote.