Hita za Komini

Viviane alipopanda ngazi za lile jengo la wapangaji wa komini, yaani halmashauri ya mji, kule Auderghem, alitarajia kukuta mafundi darini wakiziba baridi. Hakuona fundi hata mmoja. Alichokuta ni hita mpya za umeme katika kila chumba, na bomba la jiko la zamani la gesi la kupasha joto limezibwa.

Maman Cécile, mjane wa ghorofa ya juu, alimfungulia akiwa amejitanda blanketi mabegani.

"Walisema ni ya kupunguza umeme," alimwambia. "Lakini naogopa kuiwasha, juu ya bili. Joto yote inapanda juu, inakimbia."

Viviane akatazama juu. Pembe za dari zilikuwa zimeota ukungu, na juu ya dari hapakuwa na kitu ila vigae na upepo wa Novemba.

Alikuwa mkaguzi wa kamati iliyosimamia kampuni za umeme za komini. Mwaka ule wa tisini na saba kila mteja alikatwa kiasi kidogo kwenye bili, na kanuni ilitaka fedha hizo zitumike kupunguza matumizi ya umeme, basi. Kampuni hii, ambayo riziki yake ni kuuza umeme, ilikuwa imezinunulia vitu vya kula umeme. Sasa ilileta mpango mpya wenye mambo mawili: hita zaidi, na sufi ya kuzuia baridi chini ya mapaa. Kamati ingeupitisha mzima au kuukataa mzima.

Mhandisi wa kampuni aliyeuandika mpango huo alikuwa Donatien, mtu wa Likasi. Ndiye aliyempokea Viviane alipofika ughaibuni kutoka Bukavu, akamweka nyumbani kwake hadi akamaliza masomo, naye akamzoea kumwita Tonton, mjomba. Alasiri ile walikutana katika mkahawa wa Flagey.

"Tonton, nimetoka kwa Maman Cécile."

"Bon. Basi umeona."

"Zile hita hazipunguze kitu."

"Najua." Donatien aliteremsha sauti. "Direkta wa kampuni ndiye aliziingiza. Alisema bila hita, hakuna mapaa. Donc nilikubali, watu wapate mapaa. Kesho ukikataa, ule maman atapitisha baridi yote vile."

"Na bili yake, Tonton, nani atalipa?"

Donatien aligeukia dirisha.

"Nilikulea kama mutoto yangu, Vivi. Sitakuomba mara mbili."

Viviane alirudi kwa miguu kupitia barabara ya Chaussée de Wavre, akapishana na watu waliomsalimu asiwaitikie. Akikataa, angemnyima mjane sufi ya paa na kumwaibisha mtu aliyemlea. Akikubali, kampuni zote zingejua mlango uko wazi.

Asubuhi, mbele ya kamati, direkta Hervé alieleza kwa ufasaha kwamba hita ni za kisasa na wapangaji wameridhika. Zamu ya Viviane ilipofika, alisimama. Alisema alichokiona, kisha akaomba mpango ukataliwe.

"Bibi huyu ameingia nyumba moja," alisema Hervé kwa upole.

Mwenyekiti akamgeukia Donatien. "Mhandisi, hita hizi zinapunguza umeme?"

Hervé alimkazia macho. Donatien alilegeza tai yake, na Viviane akajikuta akiomba asiulizwe tena.

"Hapana," alisema hatimaye. "Zinaongeza. Nilijua nilipokuwa naandika."

Mpango ulikataliwa, na kampuni ikaamriwa kugharamia hita zilizokwisha kuwekwa kutoka kwenye faida yake yenyewe. Hervé aliandika mpango wa mapaa tu, lakini kwa kujikokota, na sufi ikatandikwa theluji ikiwa imeshayeyuka. Majira yale ya baridi Maman Cécile aliyapitisha kwa binti yake, akilala sebuleni na kukohoa. Viviane alikwenda kumwona mara nyingi, na kila mara alitoka bila kujua kama alitenda vema.

Donatien alihamishiwa ghala la mita. Kanisani alikaa upande wa pili na hakumsalimu. Baada ya Pasaka akabisha mlangoni kwa Viviane, akakataa kuketi.

"Sijakuja kupatana," alisema. "Direkta anaandika mpango ingine, ya taa za barabara. Ukiipata, soma muzuri."

Viviane alimwekea kiti hata hivyo, akaenda kuchemsha maji. Aliporudi, alimkuta amekaa, koti bado mwilini.