Wenye Pete za Bluu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja, mchana, bodi ya chuo cha kilimo ilipotoka kikaoni na njaa. Mkuu wa chuo alituma neno jikoni kwamba wageni wapikiwe kuku, na kwamba kuku wenyewe wako bandani nyuma ya maktaba, wa bure. Walikuwa kumi na wawili, na wajumbe kumi na wawili, mkuu mwenyewe akiwemo. Kila mjumbe akapewa wake mzima, maana watu wa ngazi ile hawali paja la kugawana.

Kuku wale walikuwa mradi wa mwisho wa msichana mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye wenzake walimwita Mizani kwa sababu hakuonekana popote bila mizani mkononi. Sita walivaa pete nyekundu mguuni na kula chakula cha dukani. Sita walivaa pete za bluu na kula funza waliokaushwa. Alitaka kujua ni kundi gani litanenepa zaidi, na zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alipofika na ndoo ya maji alikuta manyoya tu, na shangazi yake, mpishi wa chuo, amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye aproni.

"Mwanangu, niliambiwa ni kuku wa chuo."

"Wa chuo ni mimi, shangazi. Kuku walikuwa wangu."

Msimamizi wake alimweleza kwamba ripoti isiyo na sura ya matokeo haipokelewi, na asiye na ripoti anarudia mwaka kwa ada mpya. Baba yake Mizani alikuwa ameshauza cherehani ya marehemu mkewe kwa ajili ya mwaka huu. Cha kuuza kingine hakikuwepo.

"Pika tu takwimu," msimamizi alimnong'oneza. "Wenzako wote wanapika."

"Kuku wameshapikwa, mwalimu. Takwimu naomba zibaki mbichi."

Alhamisi asubuhi mkuu wa chuo alikuja bandani mwenyewe, kapandisha mguu mmoja wa suruali. Kwenye kifundo chake kulikuwa na pete ya bluu, namba nne. Alisema inambana kidogo, akauliza chakula kinatolewa saa ngapi. Nyuma yake wajumbe waliingia mmoja mmoja, wakiwa wameegesha magari uani, kila mmoja na pete yake. Mizani akazihakiki, zikatimia zote. Utafiti haukuwa umekatika, ulikuwa umehama tu. Akaazima stoo mizani ya magunia, akawapima upya, akaendelea na kazi.

Wajumbe walilala juu ya fito za kulalia kuku, bega kwa bega, na suti zao. Kukicha walichakura vumbi mpaka ncha za viatu zikatoboka. Mhasibu hakuacha kumdonoa mwanasheria wa chuo kisogoni, ikabidi watenganishwe kwa waya. Wenye pete nyekundu waliandika malalamiko kwamba wenzao wanapendelewa kwa funza, na mkuu, mwenye pete ya bluu, akawajibu kwamba suala lao linashughulikiwa. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja wa sauti ya upole, alitaga yai katikati ya ajenda ya tatu. Mizani alijua fika kwamba kuku wa nyama hawatagi katika umri ule, kwa hiyo yai akaliingiza kwenye sehemu ya changamoto za utafiti. Wanafunzi walijipanga uzioni wakicheka mpaka wanashikana mabega, na Mizani, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba wa mama yake, alikuwa akiinamia gunia la funza na kucheka humo ndani hadi machozi.

Kazi za ofisi hazikusimama. Barua zilisainiwa, ada zikapandishwa. Hakuna aliyeona tofauti.

Wiki tatu zilipokwisha, wenye pete za bluu walikuwa wamewaacha wenzao mbali. Mjumbe mmoja alishindwa kupita mlangoni, wakampitisha dirishani. Sura ya nne, ya matokeo, ikaandikwa, na grafu ya rangi juu yake.

Siku ya kutetea ripoti, mkuu na mwenyekiti walikaa juu ya migongo ya viti vyao, macho yamefumbwa nusu. Katikati alikaa mtahini wa nje, mwanamke mwenye miwani aliyetoka chuo kingine. Harufu ya kukaanga ilikuwa inaingia dirishani. Bodi ingekutana tena mchana huo, na mkuu alikuwa ameshatuma neno kwamba bandani kuna kuku wa wanafunzi wa mwaka wa pili. Shangazi alikataa kuwagusa, kwa hiyo kazi alipewa mpishi mwingine.

Mtahini aliisifu ripoti. Alisema ni nadra kuona vipimo vya kweli siku hizi. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa mbinu na kuusoma kwa utulivu: mwisho wa wiki ya nane, walengwa wote wachinjwe na nyama yao ipimwe. Safu ya uzito wa nyama kwenye jedwali ilikuwa tupu.

"Bila safu hii siwezi kukupitisha, binti yangu," alisema. Akavua miwani, akamtazama mkuu, akamtazama mwenyekiti, kisha akamgeukia Mizani na kalamu ikiwa tayari mkononi.

"Sasa hiyo kazi ya kuchinja, ataifanya nani?"